Bia ya mtama imegoma: kulitafuta kosa kuanzia kwenye ndoo kurudi hadi kwenye punje

Swali ninaloulizwa kuliko yote na majirani wanaoanza kupika bia nyumbani ni hili: "Ndoo yangu imenyamaza tangu jana, niongeze hamira?" Jibu langu huwa lilelile. Usiongeze kitu. Funika ndoo, keti, tukumbuke pamoja ulichofanya tangu siku ulipoloweka mtama. Bia huonyesha ugonjwa mwishoni, lakini mara nyingi iliugua siku nyingi kabla: kwenye kimea kilichoanikwa juu ya bati, kwenye maji ya bomba, kwenye sufuria lililopata moto mapema mno. Kumwaga hamira zaidi kwenye togwa (maji ya kimea kabla hayajawa bia) isiyo na sukari ni kuita wageni zaidi wakati wali haujapikwa.

Ninaandika kwa ajili ya anayepikia Dodoma au popote katika Tanzania ya kati, iwe Mpwapwa, Kongwa, Manyoni au Singida. Hewa yetu kavu, maji yetu magumu na mtama wetu vina tabia zake, na maelekezo mengi yaliyotungwa kwa ajili ya shayiri na nchi za baridi hukosea huku. Kipimo ninachokirejea humu ni cha mtu anayeanza: kilo 2.5 za kimea cha mtama mweupe kwa lita 10 za bia, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) gramu 10 hadi 15 zilizochemshwa saa moja, na hamira ya bia pakiti moja. Hamira ya bia ikikosekana, hamira ya mkate kijiko kimoja cha chai itafanya kazi, ingawa ladha itaelekea kwenye mkate na ndizi. Hopsi huagizwa kutoka nje, na hudumu zikikaa kwenye friza.

Tuelewane pia kuhusu neno "kosa". Bibi yangu wa Mvumi alipika ujimbi (pombe ya kienyeji), ule mzito, mchachu, unaonywewa ungali unachachuka. Kwa ujimbi uchachu ni sifa, na tope ni chakula. Bia ninayoizungumzia hapa ni nyingine: imechujwa, ina uchungu wa hopsi, inafungwa chupani na kusubiri wiki mbili. Ukimpa mzoefu wa ujimbi bia hii atasema haijaiva. Ukimpa mnywaji wa chupa ujimbi atasema umeharibika. Kwa hiyo kabla ya kulalamika, jua ulikuwa unapika nini.

Ndoo imenyamaza

Anza na mfuniko. Ndoo nyingi za lita 20 za madukani hazifungi sawasawa, na gesi hupita pembeni bila kutoa povu hata moja kwenye kikombe cha maji ulichozamisha mpira wa kutolea gesi. Fungua kidogo utazame. Ukiona povu, au duara la uchafu wa kahawia lililoganda ukutani mwa ndoo juu kidogo ya usawa wa bia, hamira imefanya kazi, na pengine imeshamaliza. Mwezi Novemba ndoo huweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi kwa siku mbili, mwenyewe akidhani haijaanza.

Kama hakuna dalili yoyote, ipime hamira iliyobaki kwenye pakiti. Nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, hamira juu yake. Ndani ya dakika 15 inatakiwa iwe imeumuka na kutoa povu. Isipoumuka, ilikufa dukani, mara nyingi kwa kupangwa kwenye rafu inayopigwa na jua.

Hamira ikiwa hai, jiulize uliitia kwenye togwa yenye joto gani. Hapa wengi huteleza. Sufuria la lita 10 lililotoka jikoni saa moja jioni bado linaweza kuwa na moto wa kuua saa nne usiku, hata kama ukuta wake umepoa mkononi. Koroga kwa mwiko uliochemshwa, kisha pima katikati kwa kipimajoto. Ikishuka chini ya digrii 30, weka. Digrii 25 ni bora zaidi. Ikiwa juu ya 50, hamira inakufa pale pale. Anayetaka kuharakisha aliweke sufuria ndani ya beseni la maji na kuyabadilisha mara tatu au nne.

Juni na Julai tatizo hugeuka. Usiku wa Dodoma hushuka hadi digrii 13 au 14, na chumba chenye sakafu ya saruji huwa baridi kuliko unavyodhani. Hamira haifi kwa baridi hiyo, inalala. Inua ndoo kutoka sakafuni, iweke juu ya ubao, izungushie blanketi, na kesho yake mchana itaamka. Usiitoe juani.

Vyote hivyo vikiwa sawa na ndoo bado kimya, chota kijiko uonje. Togwa inatakiwa iwe tamu waziwazi. Kama haina utamu, hamira haina cha kula, na hapo tumeachana na ndoo, tunarudi kwenye sufuria.

Togwa haina utamu, au bia imetoka nyepesi kama maji ya kuoshea mchele

Hili ndilo tatizo kubwa la bia ya mtama, na ningetamani kila anayeanza alielewe kabla ya kununua hata ndoo. Ndani ya punje kuna wanga. Hamira haili wanga, inakula sukari. Wanaogeuza wanga kuwa sukari ni vimeng'enya, ambavyo punje huviamsha inapoota. Ndiyo maana tunaotesha mtama kuwa kimea.

Kwa shayiri kazi ni rahisi: wanga wake hulainika kwenye joto la digrii 60 hadi 65, joto ambalo vimeng'enya bado viko hai. Unachanganya unga wa kimea na maji ya moto, unasubiri saa moja, basi. Wanga wa mtama ni mkaidi. Hulainika kati ya digrii 68 na 78 hivi, na ukifika huko sehemu ya vimeng'enya imeshaungua. Ukifuata maelekezo ya shayiri, utakuwa na vimeng'enya hai visivyoweza kuuingia wanga mgumu. Ukipandisha moto, utapata wanga laini usio na wa kuukata. Kwa njia zote mbili unapata maji ya unga.

Namna ya kutoka ni kuvitenganisha. Twanga au saga kimea kiwe chenga, usikifanye vumbi. Kiloweke kwenye lita 5 za maji ya digrii 45 kwa nusu saa, kisha kiache kitulie. Juu yatabaki maji ya rangi ya maziwa. Chota lita 3 za maji hayo taratibu, uyaweke pembeni kwenye chombo safi kilichofunikwa. Hayo ndiyo yenye vimeng'enya, usiyaguse na moto. Tope lililobaki chini liongeze lita 6 za maji, lipike kama uji, lichemke dakika 20 huku unakoroga ili lisishike chini. Liache lipoe hadi digrii 75, kisha rudisha zile lita 3. Mchanganyiko utatua karibu na digrii 65. Funika, zungushia blanketi, acha saa moja na nusu. Ukionja mwanzoni ni uji usio na ladha. Ukionja mwishoni ni togwa tamu, nyepesi, inayoteleza kwenye mwiko. Mabadiliko hayo yanaonekana kwa macho, na mimi hayajanichosha hadi leo.

Waliopika kabla yetu waliijua njia hii bila kipimajoto. Anayetengeneza togwa hupika uji kwanza, akaupoza, ndipo akatia kimea kibichi. Ni kanuni ileile.

Usibahatishe kama wanga umekwisha, upime. Nunua kichupa cha tinksha ya iodini kwenye duka la dawa. Chukua sahani nyeupe, dondosha tone moja la togwa iliyochujwa, lisubiri lipoe, kisha weka tone la iodini ubavuni mwake. Inamisha sahani kidogo matone yagusane. Tazama pale yanapokutana. Ukingo ukigeuka bluu iliyokoza kama wino wa kalamu, wanga bado upo. Ongeza nusu saa na upime tena. Rangi ya iodini ikibaki kahawia ya manjano, wanga umekwisha, endelea. Tone hilo limwage, lisirudi kwenye sufuria.

Kama umefuata yote haya na bluu haiondoki, kimea chenyewe ndicho kibovu. Nilijifunza hili mnadani Msalato, kwa bibi mmoja anayeuza kimea. Nilikuwa nimebeba changu kwenye mfuko baada ya kupika mara mbili bila mafanikio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Alichota punje tatu, akazitafuna moja moja, akatema. "Hiki ulikianika wapi?"

"Juu ya bati, bibi. Jua la saa saba."

"Basi ulikipika hapo hapo. Kimea kibichi hakianikwi juu ya bati. Kianze kivulini, kwenye upepo, kikisinyaa ndipo kione jua."

Alikuwa amesema kwa kifupi jambo lililothibitishwa na maabara: vimeng'enya vilivyo ndani ya punje yenye maji huharibiwa na joto upesi, lakini punje ikishakauka huvumilia zaidi. Bati la Dodoma mchana wa Oktoba haligusiki kwa mkono. Tandaza mkeka au turubai safi kwenye kivuli chenye upepo kwa siku nzima ya kwanza, halafu jua la asubuhi siku inayofuata.

Na kabla ya kuanika, je, kiliota vya kutosha? Loweka mtama saa 24, ukibadilisha maji mara tatu. Uchuje, utandaze unene wa vidole viwili juu ya gunia lenye unyevu, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni, ugeuze ili usijipashe moto. Kwa joto letu siku tatu hadi tano zinatosha. Ipasue punje kwa kucha: iwe laini ndani, ikipakaza kama chaki. Ikiwa bado ngumu kama jiwe katikati, haijaiva. Punje zisizoota zikiwa nyingi, mtama ulikuwa wa zamani au uliliwa na wadudu.

Hapa kuna mambo matatu ambayo sina mzaha nayo.

La kwanza, usioteshe mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au kijani. Hizo ni za shambani tu.

La pili, mche wa mtama una sumu ya sianidi. Wafugaji wa huku wanajua kinachompata ng'ombe anayelisha kwenye mtama mchanga. Kimea kikishakauka, kisugue kati ya viganja na ukipepete hadi mizizi na vichipukizi vyote vitoke. Kisha hakikisha togwa inachemka saa nzima sufuria likiwa wazi, kwa sababu sumu hiyo huruka na mvuke.

La tatu ni ukungu. Mwaka 2016, hapa mkoani Dodoma na jirani zetu wa Manyara, sumukuvu kwenye mahindi iliugusa umma kwa namna ambayo hatupaswi kuisahau: wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Kimea kikionyesha ukungu wa kijani, mweusi au wa njano, au kikinuka stoo yenye unyevu, kifukie. Usikipike, wala usiwape kuku.

Ukakasi: bia inakausha ulimi

Swahiba wangu mmoja aliieleza vizuri: "Ni kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi." Chanzo cha kwanza ni mtama mwekundu. Baadhi ya aina nyekundu, na hasa za kahawia, zina tanini nyingi (ndiyo inayoleta ukakasi), na wakulima huzipanda kwa sababu nzuri, maana kwelea kwelea hawazipendi. Lakini kisichopendwa na ndege hakipendwi na ulimi pia, na tanini hiyohiyo huvishika vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi. Mtama mweupe kama Macia au Tegemeo huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Chanzo cha pili ni maji. Maji mengi ya mji wetu hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, nayo ni magumu. Angalia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ndio unaoharibu bia. Hupunguza uchachu kidogo unaohitajika ndani ya sufuria, vimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu, na maganda hutoa tanini kwa wingi. Chemsha maji siku moja kabla, yaache yatulie usiku, asubuhi chota ya juu na uache unga mweupe chini. Kisha kamulia limau nusu kwenye lita 10 za maji ya kupikia. Kama maji yako yana chumvi inayoonekana ulimini, kuchemsha hakutaiondoa. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili tu, kwa hiyo mwenye simtanki ajiwekee akiba.

Na cha tatu: usikamue machicha. Mtama hauna maganda ya kujichuja wenyewe kama shayiri, kwa hiyo tunatumia mfuko wa kitambaa, na mkono unashawishika kuusokota hadi tone la mwisho. Uning'inize udondoke wenyewe, uusuuze kwa lita 3 za maji ya moto yasiyochemka, uuache. Mfuko ushone kwa kitambaa cha pazia jepesi. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu kisikaribie jikoni.

Inanuka rangi ya kucha, na kichwa kinauma asubuhi

Hili ni joto. Oktoba ya mwaka mmoja nilipika ndoo mbili kwa furaha, nikaziweka stoo yenye paa la bati lisilo na dari. Mchana chumba kilifika digrii 31, na ndoo zenyewe zilizidi hapo, kwa sababu hamira inapofanya kazi hujipasha moto kwa digrii kadhaa. Baada ya wiki mbili nilifungua chupa ya kwanza. Kabla sijaimimina, harufu ya rangi ya kucha ilishafika puani; nyuma yake ilikuja ndizi iliyoiva mno, kisha kitu kikali kilichochoma kooni kama spiriti. Niliinywa kwa ukaidi glasi moja. Kesho yake sikuweza kuitazama taa. Ndoo zote mbili nilizimwaga, na kazi ya wiki nzima ikaenda nazo.

Hamira ikifanya kazi kwenye joto kubwa hutengeneza aina nzito za alikoholi na harufu hizo. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua. Lenga digrii 18 hadi 24.

Friji si lazima. Tuna hewa kavu, na hewa kavu ni mali. Weka ndoo ndani ya beseni pana lenye maji kina cha kiganja. Ivishe ndoo fulana kuukuu ya pamba au gunia la katani, pindo likizama majini. Iweke kwenye korido au karibu na dirisha ambapo upepo unapita, mbali na jua. Maji yatapanda kwenye kitambaa, yatavukizwa na upepo, na ndoo itapoa kama mtungi wa maji unavyopoa. Kwangu hushusha digrii 4 hadi 6, na mchana ukiwa mkali naongeza chupa mbili za maji yaliyoganda ndani ya beseni. Ndugu yangu wa Dar es Salaam alijaribu akaona tofauti ndogo sana, maana hewa ya pwani imeshiba maji tayari.

Watu huniuliza kama harufu hiyo ni dalili ya ile sumu inayopofusha. Bia iliyochachushwa kwa nafaka haifikishi methanoli ya kiwango hicho. Hatari hiyo iko kwenye vinywaji vikali vinavyopatikana kwa kukusanya mvuke na vilivyochakachuliwa, na gongo kwa sheria zetu ni marufuku kupikwa. Usigeuze bia iliyoharibika kuwa gongo. Na bia nzuri pia ni ya meza yako na watu wazima wenzako. Ukitaka kuuza, tafuta leseni.

Inanuka hospitali

Klorini. Ama maji ya bomba yalikuwa na dawa, ama ulisafisha ndoo kwa Jik ukasuuza mara moja. Maji yachemshe, ndoo isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Bia iliyokwisha kupata harufu hii haitibiki.

Inanuka mayai viza

Subiri. Hamira nyingi hutoa harufu hiyo siku za katikati, na huondoka ndani ya wiki.

Imechacha

Kuna uchachu wa namna mbili, na ulimi wako unaweza kuutofautisha. Ukiwa mlaini kama wa mtindi, ni bakteria waliopanda na vumbi la kimea. Kimea kibichi kimejaa bakteria hao, na ndio hasa wanaouchachua ujimbi. Kwa hiyo usisage wala kupepeta kimea kwenye chumba chenye ndoo iliyo wazi, na kitu chochote kitakachogusa togwa baada ya kuchemka kiwe kimechemshwa au kutiwa dawa. Watu wengi hawahesabu mpira na bomba la ndoo. Fungua bomba, ulisafishe ndani; utashangaa.

Ukiwa mkali, unapanda puani kama siki, basi hewa iliingia. Siki huhitaji hewa. Ulifungua mfuniko kila siku kutazama, au ulipika lita 5 kwenye ndoo ya lita 20 na kuacha nafasi kubwa ya hewa juu, au vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu viliingia. Julai hadi Septemba upepo wetu huleta vumbi hadi kwenye makabati, kwa hiyo mfuniko uzungushie kitambaa safi.

Ndoo iliyokwaruzwa kwa stilwaya huficha vijidudu kwenye mikwaruzo yake, na hakuna dawa itakayofika huko. Nunua mpya, iwe ya chakula, isiwe iliyokuwa na rangi ya nyumba. Bia iliyogeuka siki kabisa iache igeuke; ni siki nzuri ya achari na kachumbari.

Ina ukungu kama mawingu

Bia ya mtama mara nyingi haiwi angavu. Kama iodini ilibaki kahawia na ladha ni safi, inywe. Ukitaka iwe angavu zaidi, iache kwenye baridi siku tatu.

Chupa zinapasuka, au hazina gesi kabisa

Chupa ya kioo inayopasuka ni hatari ya macho, si hasara ya bia tu. Sababu kubwa ni kufunga kabla hamira haijamaliza. Onja siku mbili mfululizo. Kama utamu bado unapungua, kazi inaendelea. Mwenye haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki) apime: namba ikibaki ileile siku tatu, ndipo afunge.

Sababu ya pili ni sukari ya kukadiria. Sukari ya gesi ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani gramu 60 hadi 70 kwa lita 10. Usitie kijiko kijiko ndani ya kila chupa. Ichemshe yote kwenye kikombe cha maji, ipoze, imimine kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira taratibu ili ichanganyike yenyewe.

Anayeanza namshauri atumie chupa za plastiki za soda, zile nene. Zina faida moja kubwa: unaziminya. Siku ya kwanza zinabonyea. Zikishakuwa ngumu kama soda ya dukani, gesi imetosha, zipeleke kwenye baridi. Chupa nyembamba za maji ya kunywa hazikutengenezwa kwa mgandamizo, ziache. Kama una chupa za kioo tayari na unaziogopa, ziweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, usizitikise, zipoze kwanza, kisha fungua moja ukiwa umeishika kwa taulo nzito. Ikirusha povu hadi nusu, fungua zote siku hiyohiyo. Chupa za kioo ziwe za kahawia. Jua likipiga bia yenye hopsi ndani ya chupa nyeupe au ya kijani, huipa harufu ya kicheche ndani ya muda mfupi.

Chupa zisipojaa gesi, angalia kizibo kwanza: igeuze chupa kichwa chini ndani ya maji utafute mapovu. Kama haivuji, ni baridi ya Juni na Julai. Zilizokuwa tayari kwa siku kumi mwezi Novemba huchukua wiki tatu. Zihamishie jikoni, kwenye kabati lililo mbali na moto, zigeuze mara moja ili hamira iliyotulia chini iamke, na uminye moja kila Jumamosi.